Nguzo ya Nafasi ya Saba na ya Nane

Lycksele, Jumanne, 7 Januari

Kwa mwenye trekta jekundu, nafasi ya 7,

Nguzo ya umeme iliyo kati ya nafasi yako na yangu ya kuegesha gari ni moja, na fyuzi yake ni moja. Ukichomeka hita ya kupasha injini joto ili iwake, feni ya joto ya ndani ya gari na chaja ya spika zako kwa pamoja, fyuzi inakatika na pande zote mbili zinakosa umeme. Imetokea mara tatu tangu Krismasi. Leo asubuhi gari langu halikuwaka. Ilikuwa digrii ishirini na sita chini ya sifuri.

Nahitaji gari langu liweze kuwaka saa yoyote. Naomba uchomeke kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Kwa heshima,
V. Hedkvist, nafasi ya 8


Jumanne, 7 Januari, jioni

Bwana Nafasi ya Nane, shikamoo!

Karatasi yako nimeipata chini ya waipa. Ilikuwa imegandia kioo, nikaibandua taratibu kwa kikwaruzio cha barafu nisije nikachana huo mwandiko wako wa shule ya zamani. Mzee, tunapanda ngazi moja, wewe ghorofa ya pili, mimi ya tatu, na bado umeshuka kwenye baridi ile kuniandikia badala ya kugonga mlango. Lakini ndivyo tulivyo jengo hili, bora tufe kuliko kusalimiana. Basi na mimi nakutumbukizia yangu mlangoni.

Kwanza, usiliite trekta kwa dharau. Ni gari lililosajiliwa trekta kwenye makaratasi tu, ili mtu wa miaka kumi na saba aruhusiwe kuliendesha, kilomita thelathini kwa saa na pembetatu nyekundu matakoni. Moyoni ni gari la mashindano. Linaitwa Malkia. Spika zake wanazisikia hadi ng'ambo ya mto, na wasichana wa huko jina langu wanalijua.

Pili, unakimbilia wapi na uzee huo? Dukani kununua kahawa? Kahawa haikimbii.

Tatu, mimi umeme nimeusoma sekondari, muhula mmoja na nusu. Niliacha kwa sababu niliona walimu nimewamaliza. Kwa hiyo fyuzi usinifundishe.

Melker Burvall,
Mfalme wa Nafasi ya Saba


Ijumaa, 10 Januari

Melker,

Umeuliza nakimbilia wapi. Naenda Umeå, kilomita mia moja na thelathini. Mke wangu Barbro amelazwa huko tangu Novemba na hatarudi nyumbani. Wameniambia siku ikifika watanipigia simu, na kwamba kutoka simu hadi mwisho zinaweza kuwa saa tatu. Labda pungufu. Tumekaa pamoja miaka arobaini na tisa. Nimemwahidi kwamba nitakuwa nimemshika mkono.

Sikutaka kuliandika hili kwenye karatasi inayopepea uani, ndiyo maana leo nimeitia kwenye bahasha. Sasa unajua gari ni la nini.

Kwa heshima,
Verner Hedkvist


Jumamosi, 11 Januari

Mzee Verner,

Nimesoma mara mbili, nikajiona kama mtu aliyecheka kanisani. Sikujua. Hakuna mtu anayejua kitu cha mwenzake hapa.

Na mimi nikwambie yangu basi, maana niliandika kama mtu asiye na shida. Niko kwenye majaribio pale karakana ya matairi, kuingia saa moja kamili asubuhi. Nimeshachelewa mara mbili kwa sababu Malkia aligoma kwa baridi. Bosi amesema ya tatu nisipite hata mlangoni. Mama hajui. Anadhani nimeshaajiriwa, maana nilimwambia nimeajiriwa, tena nikamwambia wamenibembeleza.

Tuelewane hivi: nachomeka hita ya injini tu. Feni basi, nitavaa kofia mbili. Spika nitazichajia chumbani, mama akiuliza nitasema ni kabati.

Utamshika mkono, mzee. Neno la Burvall hilo.

Melker,
Mfalme aliye likizo


Jumatano, 15 Januari

Melker,

Najua umetimiza ahadi, nimeangalia. Ulichomeka hita tu na mimi hita tu, na bado fyuzi imekatika usiku wa Jumatatu na wa jana. Baridi imefika digrii thelathini na moja. Nguzo ni ya mwaka 1978, haibebi magari mawili tena.

Nimemwandikia Gunvor wa kamati ya jengo. Amejibu kwamba fundi ameagizwa na atakuja mwezi wa tatu, na kwamba hadi wakati huo wakazi waonyeshane uvumilivu.

Jana nilikosa kumwona Barbro. Aliambiwa barabara ilikuwa mbaya. Barabara ilikuwa nzuri.

V. H.


Jumamosi, 18 Januari

Mzee Verner,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya.

Nguzo imepona.

Sikukwambia kabla ili usije ukanipigia makelele ya kamati. Jana mchana nilifungua kile kisanduku cha fyuzi, ufunguo wenyewe bisibisi yoyote inatosha, kazi ya dakika tano na vidole kuganda juu. Nimeipa dawa. Haikatiki tena maishani, hata ukilichomeka jengo zima na Gunvor akiwa ndani yake. Usiniulize nimeweka nini, siri ya fundi haitolewi.

Leo asubuhi Malkia aliitika mara ya kwanza kama mbwa aliyeitwa kula. Kazini nilifika dakika kumi kabla, bosi akaangalia saa yake kama imeharibika. Na lako nililiona linatoa moshi mweupe, linanguruma vizuri. Nenda kwa mama Barbro, mzee. Nenda kila siku kama unataka. Mwambie kuna kijana hapa mjini asiye na cheti, lakini anafanya kazi kuliko fundi wa mwezi wa tatu.

Melker Burvall,
Daktari Mkuu wa Nguzo


Jumanne, 21 Januari

Melker,

Nakushukuru. Siku nne mfululizo gari limewaka na lina joto. Nimekwenda Umeå mara tatu. Barbro nimemwambia habari zako na Malkia, akacheka, kisha akakohoa, kisha akacheka tena. Sijamsikia akicheka tangu mwezi wa kumi na moja. Anasema salamu kwa mfalme.

Jambo dogo. Theluji iliyokuwa juu ya kifuniko cha kisanduku imeyeyuka, na kifuniko nikikishika bila glavu kina uvuguvugu. Asubuhi ya leo kulikuwa na harufu kidogo, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Mimi nilikuwa mpimaji wa barabara, umeme siujui. Nadhani ndivyo inavyotakiwa?

Rafiki yako,
Verner


Jumatano, 22 Januari

Mzee Verner!

Theluji imeyeyuka kwa sababu umeme unapita, ungekuwa haupiti ingekaa. Jiko lako likiwa moto unampigia Gunvor? Hiyo harufu ni vumbi la tangu 1978 linaungua, likiisha itaisha.

Ila kifuniko usikifungue. Na Gunvor usimwambie. Nasema tu.

Mwambie mama Barbro nikipata leseni kamili nitamletea Malkia hadi dirishani kwake, nimpigie mziki wa enzi zao, polepole, bila besi.

Melker,
Daktari Mkuu (foleni ni ndefu, wewe nakupitisha mbele)


Jumatatu, 3 Februari

Melker,

Sikupata nafasi ya kukushukuru asubuhi ile ya Jumatano iliyopita, kwa hiyo nafanya sasa.

Simu ya Umeå ilikuja saa kumi na mbili na dakika kumi. Nilikuwa nimevaa tayari, kwa wiki mbili nimekuwa nikiamka na kuvaa. Niliposhuka nguzo ilikuwa inawaka na moto ulikuwa umeshaingia mbele ya gari langu. Nakumbuka wewe na mtungi wa kuzimia moto, ukiwa na soksi tu miguuni juu ya theluji. Nakumbuka ulivyolisukuma trekta lako pembeni kwa bega ili moto usipite. Nakumbuka pia ulikuwa unalia na kunivuta mkono uniingize kwenye trekta lako, unipeleke kwa kilomita thelathini kwa saa. Mtu wa zimamoto alituzuia.

Teksi za mji huu ni mbili, na zote mbili zilikuwa zinapeleka watoto shule. Moja ilikuja kunichukua ilipofika saa moja na nusu. Nilifika wodini saa tatu na robo. Barbro alikuwa amefariki saa tatu kasoro dakika kumi. Mkono wake ulikuwa bado na joto kidogo.

Mama yako amesema umeungua vidole. Pole.

Verner Hedkvist


Jumatano, 5 Februari

Mzee Verner,

Sijui wanaandikaje barua kama hii. Nimechana nne. Pole. Pole sana.

Vidole vinapona. Ni viwili tu na mkono wenyewe wa kushoto.

Labda umeona gazeti, wameweka picha yangu na mtungi, wakaandika shujaa. Sikuwaita mimi, aliwaita Gunvor. Bosi ameikata picha akaibandika ukutani juu ya mashine ya kahawa, na Jumatatu akaniambia majaribio yamekwisha, nimeajiriwa. Mama alilia. Mimi nilitaka ile picha ishuke.

Ukihitaji kitu dukani niambie. Au theluji ya kusukuma. Chochote.

Melker


Jumapili, 9 Februari

Melker,

Asante, chakula ninacho.

Kamati imebandika tangazo pale ngazini. Wanasema chanzo huenda ni waya wa mkazi wa nafasi ya 8, uliochakaa, na kwamba watu wazima sana wajiulize kama bado wanaweza kumiliki gari. Jina langu hawakulitaja, lakini nafasi ya 8 iko moja tu.

Mtu wa bima alikuja Alhamisi. Alikaa nje nusu saa amepiga magoti mbele ya mabaki ya nguzo, kisha akapanda kwangu akanywa kahawa. Anasema ndani ya kisanduku ameokota kitu. Hajanionyesha. Aliniuliza kama nguzo iliwahi kutengenezwa na mtu kabla ya moto. Nilimwambia nitafikiri.

Kwa hiyo nafikiri. Wewe umesoma umeme. Fyuzi inayofaa nguzo ile ni ya ukubwa gani?

V. H.


Jumatatu, 10 Februari

Mzee Verner,

Muhula mmoja na nusu tu, mzee, tena nusu yenyewe nilikuwa nasinzia, ha ha.

Ukubwa sikumbuki. Ampea kumi labda. Watu wa bima nao wanapenda kuokota okota vitu, ndiyo kazi yao, nguzo ya mwaka 1978 itakuwa na makorokoro ya kila aina ndani. Na baridi ile inapasua hata chuma. Na waya wako je, mzee, hauwezi kuwa kweli ulikuwa umechoka? Silaumu. Nasema vitu vinachoka.

Usijisumbue na huyo mtu. Ungepumzika.

Melker


Alhamisi, 13 Februari

Melker,

Waya wangu niliununua tarehe 4 Oktoba. Bado nina kasha lake.

Tarehe 18 Januari uliniandikia kwamba haikatiki tena maishani. Sikukuuliza ulichoweka. Sasa nakuuliza, na sitauliza tena.

Mtu wa bima anarudi Alhamisi ijayo saa nne asubuhi.

Verner Hedkvist


Jumapili, 16 Februari

Mzee Verner,

Niliweka boliti.

Boliti ya tairi, niliikata kwa msumeno pale kazini nikaisugua ikae sawa mahali pa fyuzi. Ilikaa vizuri mno, nikajisifu peke yangu pale uani. Fyuzi kazi yake ni kufa ili vingine visife. Hilo walitufundisha wiki ya kwanza kabisa na siku hiyo nilikuwepo, sikusinzia. Nilijua. Nikajiambia ni baridi ya wiki mbili tu, ikipungua naitoa. Uliponiandikia harufu, usiku ule sikulala, nikasema kesho. Kesho yake nilikuwa nawahi kazini. Kesho yake vilevile. Halafu ikawa Jumatano.

Nilipokuwa nazima ule moto nilikuwa nazima wangu. Shujaa gani.

Na la waya wako kuchoka, niliandika nikijua ni uongo. Lile nalionea aibu kuliko boliti.

Kazi nitaipoteza, najua, na mama atajua kila kitu siku moja. Si hilo linalonifanya nisile. Ni zile dakika ishirini na tano ulizochelewa. Nazihesabu mpaka kazini. Nafungua nati nazihesabu.

Sikuombi kitu. Ulisema hutauliza tena, basi nimejibu.

Melker


Jumanne, 18 Februari

Melker,

Nilijua tangu Jumatano ile, nilipokuwa kiti cha nyuma cha teksi. Nilikuwa nasubiri kuona kama utaniachia mimi moto huo. Ulikaribia kuniachia.

Sasa nikwambie langu, kwa sababu kwenye karatasi hizi wewe ndiye uliyekiri kosa kwanza. Nilinusa harufu ile siku nane. Si mara moja kama nilivyokuandikia, ni siku nane, na kila siku ilikuwa kali kuliko jana. Nimepima barabara miaka thelathini na nane, najua chombo kinapolalamika. Sikumwita mtu. Ningemwita mtu angezima nguzo, na gari lingekuwa baridi, na nisingemwona Barbro. Nikakuuliza wewe kwa sababu nilijua utanijibu ninachotaka kusikia.

Nesi ameniambia Barbro aliuliza mara mbili kama gari limewaka. Mara zote mbili walimwambia ndiyo, yuko njiani. Sijui kama nimshukuru huyo nesi au hapana. Kila nikiamka nina jibu tofauti.

Alhamisi saa nne mtu wa bima atakaa mezani kwangu. Nitamweleza nilichonusa na siku nilizonyamaza. La boliti sitalisema, kwa sababu si langu kulisema. Kiti kitakuwepo. Usipokuja, nitamwambia amwulize mkazi wa nafasi ya 7, na nitaishia hapo.

Ijumaa saa tano namzika Barbro. Njoo Alhamisi kwanza. Ukishasema, utajua mwenyewe kama Ijumaa unaweza kuja. Mimi hadi sasa sijajua kama naweza kukuona pale.

Verner


Alhamisi, 20 Februari, jioni

Mzee Verner,

Nilipotoka kwako nilikwenda moja kwa moja kazini nikamwambia bosi kabla hajaambiwa na mtu. Hakufoka. Aliondoa ile picha ukutani, akaikunja mara mbili, akanipa. Mama nimemwambia jikoni. Bado yuko jikoni.

Yule bwana amesema polisi wataniita, labda wiki ijayo. Aliandika kila kitu bila kuinua macho, hadi uliposema "na mimi nilinusa." Hapo aliinua. Nilitaka kukukatiza, niseme huyu mzee ana msiba, hajui anachosema. Nikakuacha umalize. Ndiyo mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Wakati anavaa koti ulimpa mkono. Mimi hukunipa, na mimi sikuunyoosha wangu.

Mama amenipigia pasi suti nyeusi ya mjomba, mikono yake mirefu kidogo. Tai nimetafuta nyeusi, ile nyeupe najua kwa desturi yetu ni ya ndugu wa marehemu. Nitakaa nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, na wimbo ukiisha nitakuwa nimeshatoka, watu hawatanisalimia wala mimi sitawasalimia.

Lakini nikiwa pale utajua nipo, hata ukinipa mgongo. Kwa hiyo nafanya hivi. Gari langu liko nafasi ya wageni kule mwisho, kwa sababu nafasi ya saba ni masizi. Kama hutaki nije, weka karatasi chini ya waipa. Si lazima uandike kitu, karatasi tupu inatosha, nitaelewa, nitarudi juu nivue suti na sitakusumbua tena, si kwa barua wala ngazini.

Nitashuka saa nne na nusu. Kama hakuna kitu kwenye kioo, nitakuja.

Melker